Samaki wa Dhahabu na Makao Yake

Jioni ya leo twataka kusema nanyi habari za kiumbe mdogo, asiye na sauti ya kulia wala miguu ya kukimbia, naye akitunzwa vibaya hana njia ya kutujulisha ila kudhoofika na kufa. Huyo ndiye samaki wa dhahabu, anayefugwa nyumbani kwa ajili ya uzuri wake.

Yatupasa kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Zamani kidogo, mwanafunzi mmoja alileta darasani samaki aliyepewa na mjomba wake aliyetoka mjini. Tulimtia katika chupa ya peremende, ile kubwa yenye shingo nyembamba, tukaijaza maji mpaka mdomoni, tukaiweka dirishani penye jua ili watoto wote wamwone. Kila mtoto akamtupia kipande cha mkate. Siku ya nne maji yakaingia ukungu. Tukayamwaga yote, tukaisugua chupa kwa sabuni, tukatia maji mapya ya bomba, tukaenda zetu tukiwa na furaha kwamba tumefanya kazi njema. Kulipopambazuka samaki alikuwa akielea ubavu. Mtoto alipotuuliza sababu, tulimjibu kwamba samaki wa namna hii ndivyo walivyo, hawaishi siku nyingi.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, naye ni mwalimu. Tulipokutana naye hivi karibuni alitukumbusha habari ya samaki, kisha akasema, “Mwalimu, nami wanafunzi wangu waliniuliza, nikawajibu kama ulivyonijibu.” Hapo tuliona haya, maana jibu lile halikuwa kweli. Ndipo tulipoomba nafasi ya kusema nanyi.

Samaki wa dhahabu akitunzwa vema huishi miaka 10, hata 20 na zaidi. Kule Uingereza alikuwako mmoja aliyeitwa Tish, akafa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Wala si kweli kwamba atabaki kuwa mdogo kama kidole. Yule wa kawaida, mwenye mkia mmoja, hukua akafika urefu wa sentimeta 20 au 30. Anayedumaa chupani hakudumaa kwa kuwa chupa inamtosha; amedumaa kwa taabu.

Asili yake ni nchi ya China, nako wazee wake walikuwa samaki wa rangi ya majivu iliyochanganyika na kijani. Mara chache alizaliwa mmoja mwekundu au wa manjano, na Wachina, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, waliwatenga hao katika mabwawa wakawazalisha wao kwa wao. Ni wa jamaa moja na ningu wa Ziwa Viktoria. Tumbo lake halina mfuko wa kuwekea chakula kama letu, bali lina utumbo mrefu tu. Jambo hili mlikumbuke tutakapofika kwenye chakula.

Basi tuseme habari za nyumba. Kwa samaki wawili wadogo, tayarisheni chombo kinachoingia maji madebe manne au matano, na wakikua watahitaji zaidi. Upana wa juu una maana kuliko kina, kwa sababu oksijeni anayovuta samaki huingia majini kwa kupitia uso wa maji. Karai pana lina faida kuliko mtungi mrefu. Chupa yenye shingo nyembamba, ikijazwa mpaka juu, humfunga samaki pumzi kama mtu aliyefungiwa katika sanduku. Mji wa Roma katika mwaka 2005 ulipiga marufuku kuwafuga samaki hawa katika vyungu vya kioo vya mviringo, wala hatuoni kwamba walifanya ukali kupita kiasi.

Mwenye sanduku la kioo ana bahati. Asiye nalo aweza kujenga birika ya saruji uani. Lakini saruji mpya hutoa chokaa, nayo huchoma matamvua; basi birika ijazwe maji na kumwagwa mara nyingi kwa muda wa majuma kadhaa kabla ya kutiwa samaki. Chombo cha shaba hakifai hata kidogo, wala cha bati, kwa kuwa madini yake huingia majini yakawa sumu. Mahali pake pawe penye mwanga lakini pasipo jua kali. Samaki huyu hupenda maji ya baridi kiasi, digrii 18 mpaka 22 za Sentigredi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Wenzetu wa nchi za milimani wamepata nusu ya kazi bure. Ndugu wa pwani hawana budi kutafuta kivuli kizuri, nao wasiwarundike samaki wengi pamoja.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo halionekani kwa macho, nalo ndilo liuwalo samaki wengi kuliko magonjwa yote. Samaki huishi katika maji yale yale anayoyachafua. Kila saa hutoa amonia, zaidi kwa njia ya matamvua yake. Maji yaweza kung’aa kama kioo, na huku yamejaa amonia ya kutosha kumwua. Katika mto uchafu huo huchukuliwa. Katika chombo hauna pa kwenda. Mungu ameweka bakteria, vijidudu vidogo mno, ambavyo hukaa juu ya changarawe, juu ya mawe na kandokando za chombo. Namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia. Namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa si nyingi. Vijidudu hivi haviji kwa siku moja. Chombo kipya chataka majuma manne mpaka sita hata vienee. Mkiwa na rafiki mwenye samaki wa siku nyingi, wazima, mwombeni konzi chache za changarawe zake zikiwa bado na maji, mzitie katika chombo chenu, navyo vitaenea upesi.

Je, sasa mwaona kosa letu la kusugua chupa kwa sabuni? Tuliwaua watumishi wote wa nyumba kwa siku moja, tukamwacha mwenyewe katika uchafu wake mpya. Na maji yale ya bomba yalikuwa na klorini, dawa itiwayo na watu wa maji ili kuua vijidudu vya maradhi; kwa watu ni salama, kwa samaki ni moto.

Basi desturi iwe hii. Kila juma ondoeni robo ya maji, wala si yote, mkatie mengine yenye joto sawasawa na yale yaliyobaki. Maji ya bomba yakae kwanza katika ndoo wazi usiku na mchana mzima, klorini itoke. Miji mingine hutumia dawa ya namna nyingine isiyotoka kwa kukaa tu. Huko nunueni dawa ya kuiondoa kwa wauzaji wa samaki. Changarawe zisafishwe kwa maji yale yale yaliyotolewa chomboni, bila sabuni. Penye umeme, mashine ndogo ya kuchuja maji yasaidia sana. Pasipo umeme, tegemeeni chombo kipana, samaki wachache na mimea ya majini.

Chakula hakitaki maneno mengi. Wapeni mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki kitolewe, maana kikioza chazidisha amonia. Mkate na ugali msiwape, huvimba na kuchachusha maji. Viluwiluwi vya mbu huvila kwa pupa, na mwenye birika uani ataiona faida hiyo nyumbani mwake. Njegere zilizochemshwa na kumenywa ni njema pia. Wala msidanganyike wakija mbio kila mwonapo karibu: hujifunza upesi kumjua awalishaye, nao watawaomba hata wakiwa wameshiba.

Samaki anayekaa juu akitweta anakosa pumzi au ana sumu majini; badilisheni robo ya maji mara moja kabla ya kutafuta dawa. Akitoka madoa meupe kama chembe za chumvi, huo ni ugonjwa wa kuambukiza. Mtengeni katika beseni, mkatie chumvi isiyochanganywa na kitu, gramu 2 au 3 kwa kila lita, kidogo kidogo, si kwa mara moja.

Ikiwa mmeshindwa kumtunza, mpeni mwenye nafasi, lakini msimtupe mtoni wala ziwani. Sisi wa nchi hizi tumekwisha kuona sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na jinsi jamii nyingi za furu zilivyotoweka baadaye. Samaki wa dhahabu naye, akiachwa huru, huchimbua tope, hung’oa mimea na kula mayai ya samaki wa asili. Mahali pengi duniani, kama katika mito ya Australia, wameenea hata wamekuwa msiba.