Likizo ya Uzazi na Safari ya Bahari
Mazungumzo ya mkunga mbele ya watumishi na wananchi, Kilindoni, Mafia. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo kwa kawaida husemwa mahali pawili: dalili za kujifungua husemwa kliniki, na likizo ya uzazi husemwa ofisini. Kwetu sisi wa visiwani mambo haya ni jambo moja, kwa sababu baina ya uchungu na hospitali kuna bahari. Mama wa Jibondo, Juani au Chole hapandi gari mlangoni kwake. Husubiri mashua, na mashua nayo husubiri maji na upepo.

Ndugu zangu, mimba huhesabiwa majuma 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tarehe iliyoandikwa katika kadi ni makadirio tu, na wengi hujifungua kabla au baada yake. Katika majuma ya mwisho mtoto huteremka nyongani. Mama huvuta pumzi kwa nafasi zaidi, lakini huenda haja ndogo mara kwa mara. Tumbo laweza kukaza kisha likaachia, bila mpango, na likatulia mama anapopumzika. Huo si uchungu wenyewe.

Uchungu wa kweli huja kwa mpango. Hurudi kila baada ya muda, muda huo hupungua, na maumivu huzidi hata mama akitembea au akilala. Mara nyingi huanzia kiunoni na kuzunguka hadi chini ya tumbo. Ute mzito wenye michirizi ya damu ni dalili kwamba wakati unakaribia. Chupa ikipasuka na maji kutoka, mama aende hospitali hata kama hasikii maumivu yoyote.

Zipo dalili ambazo hazingoji hata saa moja: kutoka damu nyingi, kichwa kuuma sana, kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji yenye rangi ya kijani, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Vilevile, uchungu unaoanza kabla ya majuma 37 kutimia ni jambo la hospitali mara moja.

Wengi hudhani kwamba mwenye mimba ya kwanza ndiye wa kuhofiwa zaidi njiani. Ni kweli kwamba uchungu wake huweza kuchukua saa 12 au zaidi. Lakini aliyekwisha kuzaa uchungu wake huwa mfupi, na yeye ndiye anayeweza kujifungulia ndani ya mashua. Asijiamini kwa kuwa ni mzoefu.

Sasa nije kwenye likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo majuma manne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya inahitaji hivyo. Hatakiwi kurudi kazini kabla ya majuma sita baada ya kujifungua, ila kwa ruhusa ya daktari. Akirudi, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa marekebisho ya mwaka 2025, aliyejifungua mtoto njiti huongezewa muda wa likizo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Juani anayetarajia kujifungua tarehe 28 Julai, wakati kusi imeshika. Barua yake iwe imefika ifikapo 28 Aprili. Likizo yaweza kuanza 30 Juni, akahamia kwa jamaa zake hapa Kilindoni, na ikaisha 21 Septemba.

Najua mtakaloniuliza. Akina mama wengi hufanya kazi hadi siku ya mwisho ili siku zote 84 wakae na mtoto. Nia hiyo ni njema, wala siilaumu. Lakini mwalimu huyu, akianza mapema, bado atabakiwa na takriban majuma manane baada ya kujifungua. Ikiwa ana likizo yake ya mwaka, hiyo ni haki nyingine. Azungumze na mkuu wake mapema waone kama yaweza kuunganishwa. Siku zinazohesabiwa kabla ya kujifungua hazikupotea, kwani ndizo zinazomfikisha hospitali.

Kwa akina baba, sheria inatoa angalau siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Ni chache, kwa hiyo kazi ya baba ianze kabla. Apatane na mwenye mashua, ajue nyakati za maji kujaa na kupwa, atenge nauli, atafute watu wawili walio tayari kutoa damu, na kadi ya kliniki iwekwe pamoja na kanga na nguo za mtoto.

Kwenu Wakuu wa Idara nina ombi moja. Barua ya likizo ya uzazi isikae mezani ikisubiri mtu wa kushika nafasi. Ajizi ni nyumba ya njaa, na katika jambo hili yaweza kuwa nyumba ya msiba.

Ndugu zangu, mama avuke bahari akiwa mzima na mchana kweupe, asivuke usiku akiwa na uchungu.