Tuzo ya Heshima na Madeni ya Hollywood



Tarehe 16 Mei 1929, Akademi ya Filamu ya Marekani ilitoa tuzo zake za kwanza katika Hoteli ya Hollywood Roosevelt. Mbili hazikushindaniwa. Moja ilikwenda kwa Warner Bros. kwa ajili ya The Jazz Singer, filamu yenye sauti ambayo ilionekana si haki kuipambanisha na filamu bubu. Nyingine alipewa Charlie Chaplin, aliyeiandika, kuiongoza, kuitayarisha na kuiigiza The Circus, baada ya jina lake kuondolewa kwenye kinyang'anyiro. Ndiyo maana nadai kwamba tuzo ya heshima ilianza kama namna ya kumweka mtu kando kwa adabu. Baadaye ikawa pia namna ya kulipa madeni yaliyochacha.

Chukueni usiku wa 20 Machi 1948. Waasisi wanne walitunukiwa pamoja: Thomas Armat wa mitambo ya kuonyeshea picha, William Selig na George Spoor waliojenga studio Chicago, na Albert Smith wa kampuni ya Vitagraph. Kazi zao zilikuwa zimetimiza takriban nusu karne. Usiku huohuo alituzwa James Baskett, Mjomba Remus wa Song of the South, akawa mwigizaji wa kwanza wa kiume Mweusi kupata Oscar. Lakini hakushindanishwa na Wazungu, alitengewa yake. (Filamu hiyo ilipozinduliwa Atlanta mwaka 1946, sheria za ubaguzi zilimzuia kuhudhuria.) Kabla mwaka 1948 haujaisha, Baskett, Selig na Armat wote walikuwa wamefariki.

Chaplin mwenyewe alirudi jukwaani mwaka 1972, miaka 20 tangu kibali chake cha kuingia tena Marekani kifutwe akiwa safarini baharini. Ukumbi ulisimama ukampigia makofi kwa dakika nyingi. Mimi nayasikia makofi hayo kama kuomba radhi, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo.

Heshima nayo huweza kuchagua vibaya. Mwaka 1936 Akademi ilimtunuku D. W. Griffith, mwongozaji wa The Birth of a Nation ya 1915, filamu iliyolitukuza kundi la Ku Klux Klan. Ufundi wake haupingiki. Hata hivyo Chama cha Waongozaji cha Marekani, kilichoiita tuzo yake kuu kwa jina la Griffith tangu 1953, kililifuta jina hilo mwaka 1999.

Na wapo ambao heshima iliwapita kabisa. Oscar Micheaux, mwongozaji Mmarekani Mweusi aliyetoa Within Our Gates mwaka 1920, hakuwahi kupewa chochote na Akademi hadi anafariki mwaka 1951. Chama hichohicho cha waongozaji kilimpa tuzo maalumu mwaka 1986, miaka 35 baada ya kuzikwa.