Utafiti Mmoja Hautoshi: Jinsi Ushahidi wa Dawa Unavyopimwa

(Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wananchi na wahudumu wa afya ya jamii)



Wengi wenu mnakumbuka mtoto mwenye malaria kali alivyokuwa akiwekewa dripu ya kwinini. Siku hizi anadungwa sindano ya artesuneti. Dawa haikubadilishwa kwa sababu mtu fulani alisifu ile mpya. Tafiti zilikusanywa na kupimwa pamoja. Kazi hiyo huitwa mapitio ya kimfumo, nayo ina hatua zake.

Kwanza ni swali lenyewe: dawa hii ni ya mgonjwa yupi, inalinganishwa na ipi, na tunataka kupunguza nini? Mwaka 2005, utafiti uliofanywa Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar ulionyesha kuwa artesuneti hupunguza vifo kuliko kwinini. Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wazima. Je, watoto wa Afrika?

Pili, mpango huandikwa kabla ya kazi kuanza, ili mtu asichague majibu anayoyapenda. Tatu, hutafutwa tafiti zote, hata zisizochapishwa, maana dawa iliyoshindwa mara nyingi haitangazwi. Nne, watu wawili hukagua kila utafiti, kila mmoja kivyake: je, wagonjwa waligawanywa kwa kura? Wangapi hawakufuatiliwa hadi mwisho? Tano, matokeo hujumlishwa na kiwango cha uhakika huelezwa wazi.

Jibu kuhusu watoto lilipatikana mwaka 2010, katika utafiti wa watoto 5,425 kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Kati ya takriban watoto 2,700 waliopewa kwinini, 297 walifariki. Kati ya idadi kama hiyo waliopewa artesuneti, walifariki 230. Mapitio ya Cochrane yaliyojumlisha tafiti 8 yalithibitisha kuwa artesuneti huokoa maisha ya watu wazima na watoto pia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mkisikia redioni au kwenye WhatsApp kwamba "utafiti umeonyesha", ulizeni: ni utafiti mmoja au ni zote zikipimwa pamoja? Walipimwa watu gani? Na mtoto akipata homa, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya apimwe siku hiyo hiyo.