Tambi za Mayai kwa Mtoto

Mapishi haya ni ya mama, na ya mlezi anayebaki na mtoto mama yake akiwa sokoni Busia au Malaba. Mtoto anayeachiwa uji mtupu kutwa nzima hushiba, lakini hakui vizuri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Yai tunalo, hata rolex ya barabarani hapa Busia ni chapati na yai. Leo tulitie ndani ya tambi.

Weka kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye bakuli, vunja yai moja katikati, ongeza maji kijiko kimoja au viwili. Kanda dakika 10. Donge litakuwa gumu kuliko la chapati. Usiogope ukamwaga maji zaidi. Lifunike nusu saa, la sivyo litajirudi kila ukisukuma. Sukuma liwe jembamba sana, nyunyizia unga, likunje kama mkeka, ukate nyembamba. Chemsha kwenye maji yanayotokota dakika 4 hivi, ziive mpaka katikati. Usimwonjeshe mtoto donge bichi.

Mtoto mdogo mpondee, asipaliwe. Changanya na mchicha au omena iliyosagwa, bila chumvi. Ikiwa hajawahi kula yai, anza na kijiko kimoja asubuhi. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja.

Tambi hizi zipikwe siku hiyo hiyo. Usizianike hadi kesho.