Kanisa la Mkunazini na lipu yetu ya Temeke

Juma lililopita kamati ya ujenzi ya kanisa letu dogo huku Temeke ilikutana kujadili ukuta. Kanisa lenyewe ni la zamani, la mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake wa magharibi unatoka jasho. Ukiuegemea wakati wa mahubiri unaondoka na unga mweupe mgongoni. Miaka kadhaa iliyopita tulichanga, tukanunua saruji, fundi akapiga lipu safi, tukapaka rangi ya mafuta na kumwalika mgeni rasmi. Leo lipu ile inabanduka vipande vikubwa kama sahani. Pendekezo lililo mezani ni kuibandua yote, kupiga nyingine nene zaidi, na juu yake kubandika vigae. Mimi ni mjumbe, na lipu ile ya kwanza niliinyoshea mkono, kwa hiyo sina wa kumtupia lawama.

Ndiyo maana leo naomba tuvuke bahari, twende Unguja, mtaa wa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Wengi wetu tumefika pale na ziara za shule. Mahali hapo palikuwa soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Wamisionari wakapata kiwanja, na siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuandika kitabu cha sarufi ya lugha yetu. Tukumbuke kwamba Kiunguja alichojifunza yeye ndicho baadaye kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ninachozungumza nanyi sasa hivi. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, jengo likiwa bado halijakamilika.

Ukiingia ndani, mbele ya altare utaona duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungukwa na nyekundu. Tunaambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na wekundu ule ni damu. Karibu na mlango wa magharibi zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, na husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini mafundi walipoziweka, naye aliporudi akaziacha. Paa ni kuba refu la zege lililochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Walikuwapo waliobashiri kwamba siku ya kuondoa majukwaa paa lote lingeanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa humo humo, nyuma ya altare.

Lakini kutoanguka si kudumu. Bahari ipo karibu, mvua za masika hazina huruma, na kwa miaka mingi kanisa lile lilipata nyufa na kuvuja. Kazi kubwa ya kulikarabati ilianza mwaka 2013 na kukamilika 2016, ikiongozwa na Shirika la World Monuments Fund pamoja na Dayosisi ya Zanzibar, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka Umoja wa Ulaya. Halikutengenezwa kanisa peke yake. Jengo la jirani, ambalo misheni ililijenga kuwa hospitali, lilitengewa maonyesho ya historia ya utumwa.

Hapo nisimame kidogo. Chini ya jengo hilo vipo vyumba viwili vyenye dari la chini mno, na vizazi vya wageni vimeonyeshwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa kungoja mnada. Wapo wanahistoria wanaouliza: ikiwa jengo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, vyumba vilivyo chini yake vilikuwa vya watumwa namna gani? Huenda vilikuwa stoo ya hospitali. Swali hilo halipunguzi hata chembe ya dhambi iliyotendeka pale sokoni. Watu waliouzwa walitoka bara, wengi wakipitia Kilwa na Bagamoyo, na wajukuu wa ndugu zao waliobaki ndio sisi. Kwa maoni yangu, mwenye kukarabati jengo anapaswa kukarabati na maelezo yake. Nje, katika shimo la zege, zipo sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Mimi zile hunitosha kuliko vyumba.

Sasa turudi kwenye ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa kumimina. Linanyonya maji ya ardhini na ya mvua, na maji hayo yana chumvi. Wazee wa Mji Mkongwe walilijua hilo, ndiyo maana walijengea chokaa na kupigia lipu ya chokaa, kwa sababu chokaa huacha unyevu utoke taratibu. Saruji haiuachii. Ukuta ukivikwa saruji, maji hukwama nyuma yake, chumvi huganda, hujaa na kusukuma, mpaka siku moja lipu inadondoka na ngozi ya jiwe. Na rangi ya mafuta juu yake ni sawa na kumfunga mgonjwa wa homa ndani ya nailoni. Kwa hiyo ile lipu yetu haikuharibika kwa sababu fundi aliiba saruji, kama tulivyomsingizia. Iliharibika kwa sababu ilikuwa nzuri mno.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja aliyekuwa akichoma chokaa pwani enzi zake. “Shikamoo, babu,” nikamwambia, nikaeleza shida yetu. Akacheka. Akaniuliza, “Mwanangu, mna haraka?” Nikamjibu kwamba kuna kipaimara Desemba. Akasema, “Basi pigeni saruji.” Alimaanisha kwamba chokaa inataka kulowekwa muda mrefu kabla ya kutumika, kisha ipakwe tabaka jembamba jembamba, kila moja linyunyiziwe maji lisikauke kwa pupa. Tena akanionya kwamba ile ya kuchoma kwa magogo ya mikoko na matumbawe ya baharini siku hizi haifai, tunaua mazalia ya samaki. Tutafute ya mawe ya nchi kavu.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni mzee ninayemheshimu, ana hoja yake na si ndogo. Mkunazini walisaidiwa na wafadhili, sisi tuna bahasha za Jumapili. Vigae vinapatikana Kariakoo leo hii, na mama wa kwaya amechoka kufagia unga. Ninaielewa hoja hiyo. Ila kila nikiisikia nalikumbuka Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883. Husimuliwa kwamba Sultani alitoa saa ya mnara wa kanisa la Mkunazini kwa sharti kwamba mnara usizidi kimo cha jumba lake. Basi tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Mnara wa jirani yake mfupi bado umesimama.

Kamati inakutana tena Jumapili baada ya ibada ya pili. Nimekwisha nunua mfuko mmoja wa chokaa kwa fedha yangu, nimeuloweka kwenye pipa nyuma ya nyumba, na nimezuia watoto wasiuchezee. Nitaomba nipewe mita mbili tu za ukuta ule, upande wa nyuma ambako mgeni rasmi hapiti, nibandue saruji kwa mkono wangu na kupiga lipu ya kizamani. Vigae vingoje masika moja. Wakikataa, nitaomba kura ihesabiwe kwa majina, na safari hii mkono wangu uandikwe chini.