Kipindupindu: Jinsi Sumu Inavyoumaliza Mwili Maji



Mtu aliyeshikwa vibaya na kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita 1 ya maji kila saa. Asubuhi alikuwa shambani. Jioni macho yameingia ndani, sauti imefifia, na ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi.

Wengi hudhani bakteria wanakula utumbo. Sivyo. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo mdogo na kutoa sumu. Mwaka 1959, mwanasayansi Sambhu Nath De wa Calcutta, India, aliwachuja bakteria wakatoka, akatia maji yaliyobaki kwenye utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji hata hivyo.

Sehemu moja ya sumu hiyo hushika seli ya utumbo. Nyingine huingia ndani na kuiharibu, mfano wa mfereji ulioharibika koki. Seli humwaga chumvi bila kukoma, na maji huifuata chumvi. Ndiyo maana mgonjwa huendesha choo kama maji yaliyooshea mchele.

Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu haiufungi. Sukari na chumvi zikija pamoja, seli bado huzipokea, na maji huingia nazo. Hiyo ndiyo kazi ya ORS. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh nchini India, dripu zilipopungua, Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa kinywaji cha aina hiyo. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Kwa hiyo kumnyima mgonjwa maji "ili tumbo likauke" ni kumuua. Pasipo na pakiti ya ORS, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi, hasa kwa mtoto. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha apewe tena kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mgonjwa aliyelegea au asiyeweza kunywa anahitaji dripu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, na anayeweza kunywa aendelee kunyweshwa njiani.