Hisani Haitoshi



Mwezi Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenyewe, aliwaambia masista wa Maryknoll katika jimbo la New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafukarisha watu litakosa maana kwao. Hisani, alisema, haitoshi.

Sisi Wakristo wa maofisini tumeridhika na hisani (nami nimo). Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Injili haikulegezwa. Je, mjane anayefuatilia mirathi, ambaye wiki nzima tumemwambia “njoo kesho”, Jumapili tutampa amani ya Kristo kwa mkono upi?